Seli zote zina DNA ileile: nini huamua jeni ipi isomwe?

Swali: Daktari, shikamoo. Nasoma biolojia mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba seli zote za mwili zina DNA ileile, kwamba metili ikikaa kwenye DNA jeni inazimika, na asetili ikikaa kwenye histoni jeni inawaka. Ninachojiuliza ni hiki: metili inajuaje iende kwenye jeni ipi? Halafu, ni kweli kwamba alichokula bibi yangu kinaweza kuwa kimebadilisha alama hizo hadi kwangu?

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo mawili, na la kwanza ni zito kuliko la pili, ingawa la pili ndilo linalouza magazeti.

Metili ni kikundi kidogo cha atomi tu, haijui chochote. Vimeng'enya vinavyoibandika haviwezi kutambua kwamba hii ni jeni ya himoglobini na ile ni ya insulini. Uamuzi hutoka kwa protini nyingine, zile zenye uwezo wa kusoma herufi zenyewe za DNA na kushika mahali maalumu. Alama za kikemia, iwe metili juu ya DNA au asetili (kikundi kingine cha atomi) juu ya histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, kwa sehemu kubwa hufanya kazi ya kuutekeleza uamuzi huo na kuuhifadhi seli inapogawanyika. Sentensi ya darasani uliyoinukuu si uongo, ila imeanzia katikati ya habari.

Turudi mwanzo, kwenye ufungaji. Seli moja ya binadamu ina DNA ya herufi zaidi ya bilioni 6, ukijumlisha nakala ya mama na ya baba, na ikinyooshwa yote hufika kama mita 2. Kiini kinachoibeba kina kipenyo cha mikromita 6 hadi 10 hivi. Juu ya hayo, DNA ina chaji hasi kotekote kwa sababu ya fosfati zake, kwa hiyo vipande vyake husukumana na havikubali kukunjwa ovyo. Histoni ndizo zinazolitatua tatizo hilo. Ni protini ndogo zilizojaa lisini na arjinini, asidi amino zenye chaji chanya. Histoni 8, mbili mbili za H2A, H2B, H3 na H4, hushikamana kuwa kitovu kimoja, na DNA ya herufi 147 hukizunguka kitovu hicho mara moja na theluthi mbili hivi. Hiyo ndiyo nukleosomu. Hufuata kipande kifupi cha DNA iliyo wazi, kisha nukleosomu nyingine. Ada na Donald Olins walipochapisha picha zake za hadubini ya elektroni mwaka 1974, zilionekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, na mwaka huohuo Roger Kornberg akaeleza mpangilio wa hizo histoni 8. Umbo lake la kina lilijulikana mwaka 1997.

Kitabu chako huenda kina mchoro wa nukleosomu hizo zikijisokota kuwa uzi mnene wa nanomita 30, kisha mnene zaidi, ngazi kwa ngazi hadi kromosomu. Usiukariri sana. Uzi huo huonekana vizuri kwenye mirija ya maabara, lakini ndani ya seli umetafutwa na haukuonekana kuwa kanuni. Picha zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha mnyororo usio na mpangilio maalumu, wenye unene wa nanomita 5 hadi 24, uliosongamana zaidi mahali fulani na kuachana zaidi mahali pengine. Tofauti kati ya kromatini (DNA pamoja na histoni zake) iliyofungwa na iliyo wazi ni ya msongamano kuliko ya umbo.

Ufungaji huu unahusikaje na jeni? Kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, yaani RNA polimerasi, lazima kishike promota, sehemu iliyo mwanzoni mwa jeni, na kuzitenganisha nyuzi mbili za DNA. Promota ikiwa imezungushwa kwenye nukleosomu, hakuna pa kushika. Mwaka 1987 maabara ya Kornberg ilionyesha hivyo kwa molekuli tupu ndani ya mrija: weka nukleosomu juu ya promota, na unakili haukuanza. Mwaka uliofuata Min Han na Michael Grunstein walipunguza histoni H4 ndani ya seli hai za hamira, na jeni zilizokuwa kimya zikaanza kunakiliwa bila kupata ishara yake ya kawaida. Kabla ya hapo wengi walizichukulia histoni kama vifungashio tu, vitu visivyo na kauli.

Sasa tukae kwenye mfano mmoja: himoglobini. Jeni zake za upande wa beta ziko kwenye kromosomu ya 11, zimepangwa kwa mstari kwa kufuata umri. Ya kwanza hutumiwa na kiinitete cha wiki chache. Zinazofuata, gama mbili, hutumiwa na kijusi. Ya mwisho, beta, hushika kazi baada ya kuzaliwa. (Ipo pia delta, ndogo kwa mchango, tuiache.) Jeni hizi zimo ndani ya kila seli yako yenye kiini, kuanzia ini hadi ubongo, lakini seli zinazozisoma ni zile changa zinazoelekea kuwa chembe nyekundu za damu.

Mwaka 1976 Harold Weintraub na Mark Groudine walifanya jaribio ambalo bado napenda kulifundisha kwa sababu ya wepesi wake. Walitumia chembe nyekundu za damu za kuku, maana kwa ndege chembe hizo hubaki na kiini. Walivitoa viini na kuvitia kiasi kidogo cha DNase I, kimeng'enya kinachokatakata DNA popote kinapoifikia. Kisha wakapima: jeni ya globini imeliwa au imepona? Ndani ya viini vya chembe nyekundu ililiwa mapema. Ndani ya viini vya fibroblasti (seli za tishu unganishi), na vya ubongo, kimeng'enya hichohicho hakikuipendelea hata kidogo. Herufi ni zilezile. Kilichotofautiana ni kufikika kwake. Siku hizi tuna mbinu ya ATAC-seq, iliyochapishwa mwaka 2013, inayopima kufikika kwa jenomu nzima, yaani DNA yote, kwa siku chache na kutumia seli chache, lakini inauliza swali lilelile.

Kilichoifungua globini ni protini kama GATA1, TAL1 na KLF1. GATA1 hutambua mfuatano wa herufi GATA ukiwa na A au T mbele yake na A au G nyuma yake. Seli changa za damu huitengeneza kwa wingi. Seli ya ini haiitengenezi. Hapo tayari unajua kwa nini ini halitoi himoglobini, na bado hatujataja metili. Utaniuliza, na GATA1 yenyewe iliamuliwa na nini? Na protini zilizoitangulia, na ishara ambazo seli ilipokea kutoka kwa majirani zake kulingana na mahali ilipokuwa kwenye kiinitete. Ukiendelea kurudi nyuma unafika kwenye yai, ambalo mama alikwisha kulijaza RNA na protini kabla halijarutubishwa.

Nguvu ya protini hizi si ya kubahatisha. Mwaka 1987 maabara ya Weintraub ilionyesha kwamba protini moja tu, MyoD, ikilazimishwa ndani ya fibroblasti inaigeuza kuwa seli ya msuli. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walitumia nne (Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc) kurudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali inayofanana na ya seli za kiinitete. Sehemu kubwa ya alama za kikemia zilizokuwa zimejikusanya maishani mwa seli hizo zilipangwa upya kwa amri ya protini nne. Ila sikiliza na upande wa pili: mafanikio yalikuwa kwa seli chache sana kati ya zote zilizotiwa protini hizo, na zile chache zilichukua wiki. Alama zilikuwa zinapinga. Hazikutoa amri ya kwanza, lakini zilifanya amri mpya kuwa ngumu kutekelezwa, na nadhani huu ndio ufafanuzi bora wa kazi yake.

Protini nyingi zinazosoma DNA haziwezi kushika herufi zilizokwisha kuzungushwa kwenye histoni. Chache zinaweza, kama FOXA, ambayo hutangulia kwenye jeni za ini kabla jeni hizo hazijaanza kufanya kazi. Baada ya hapo huitwa mashine kubwa za protini, kama kundi la SWI/SNF, ambazo hutumia nishati ya ATP kusukuma nukleosomu pembeni au kuing'oa kabisa. Jeni za kundi hili hukutwa zimeharibika katika karibu saratani moja kati ya 5.

Kuna jambo jingine ambalo mchoro wa darasani hulificha. Sehemu inayozipa jeni za globini msukumo wake mkubwa haiko kwenye promota. Iko makumi ya maelfu ya herufi kabla ya jeni ya beta, na sehemu za aina hii tunaziita enhansa. DNA hujikunja hadi enhansa ikaribiane na promota. Mwaka 2014 kundi la Gerd Blobel liliunda protini ya kubuni iliyoulazimisha mkunjo huo uelekee kwenye jeni za gama, ndani ya seli za damu za mtu mzima, na jeni ambazo hunyamaza baada ya kuzaliwa zikaanza kusomwa tena. Kukaribiana kwenyewe kulitosha kuziamsha. Masafa yanaweza kuwa marefu zaidi ya hayo: enhansa inayoiendesha jeni ya SHH kwenye mikono na miguu iko karibu herufi milioni 1 mbali nayo, na kosa la herufi moja ndani ya enhansa hiyo linaweza kumpa mtoto kidole cha ziada. Mikunjo hii huwekewa mipaka na pete ya protini iitwayo kohesini, inayoivuta DNA ipite katikati yake hadi izuiwe na protini CTCF. Hilo linahitaji jibu la peke yake.

Asetili ni rahisi kueleweka, kwa hiyo nitapita haraka. Kila histoni ina mkia unaochomoza nje ya nukleosomu. Lisini za mkia huo zina chaji chanya. Ikibandikwa asetili chaji inatoweka, na mshiko wake kwa DNA na kwa nukleosomu jirani unalegea. Zaidi ya hapo, zipo protini zenye mfuko unaoshika lisini yenye asetili, na hizo huleta wasaidizi wengine wa unakili. Vincent Allfrey alihusisha asetili na usomaji wa jeni mwaka 1964. Uthibitisho uliowashawishi wengi ulikuja 1996, maabara ya David Allis ilipokipata kimeng'enya kinachobandika asetili kwenye histoni za Tetrahymena, kiumbe cha seli moja, na kugundua kwamba ni ndugu wa Gcn5, protini ya hamira iliyokwisha julikana kuwa msaidizi wa kuwasha jeni. Gcn5 haisomi DNA. Huchukuliwa na protini inayosoma na kupelekwa kwenye promota. Mwaka huohuo maabara ya Stuart Schreiber ikakipata kimeng'enya cha kuondoa asetili, nacho huchukuliwa vilevile, safari hii na protini zinazozima.

Metili ya histoni isikuchanganye na metili ya DNA. Wanafunzi huzichanganya kila mwaka. Metili haiondoi chaji ya lisini, kwa hiyo maana yake hutegemea protini inayokuja kuisoma. Metili 3 kwenye lisini ya 4 ya histoni H3, utaikuta imeandikwa H3K4me3, hukaa kwenye promota zinazofanya kazi. Metili 3 kwenye lisini ya 9 huvuta protini HP1, inayosonganisha kromatini. Kwenye lisini ya 27 ni kazi ya kundi la protini la Polycomb, linalozinyamazisha jeni za ukuaji zisisomwe mahali pasipo pake. Mtu akikuambia "metili inazima", muulize metili ipi, na iko wapi.

Sasa metili ya DNA yenyewe. Kwa binadamu hukaa karibu wakati wote juu ya sitosini (herufi C) inayofuatwa na guanini (herufi G), tuite CG. Jenomu yetu ina CG kama milioni 28, na kati ya asilimia 70 na 80 zina metili. Kwa hiyo kuwa na metili ndiyo hali ya kawaida ya DNA yetu, na kutokuwa nayo ndiko kunakohitaji maelezo. CG zenyewe ni haba, kama moja ya tano ya zile ambazo zingetarajiwa kwa hesabu ya herufi, kwa sababu sitosini yenye metili hugeuka kuwa thaimini kwa urahisi na kosa hilo likabaki kizazi hadi kizazi. Zilizosalimika zimejikusanya kwenye maeneo yanayoitwa visiwa vya CG, ambavyo viko kwenye promota za zaidi ya nusu ya jeni zetu. Visiwa hivi kwa kawaida havina metili hata pale ambapo jeni iko kimya. Soma sentensi hiyo tena, kwa sababu inavunja nusu ya kanuni uliyofundishwa: jeni nyingi zilizozimwa hazikuzimwa na metili ya DNA.

Tuangalie CG moja kwa karibu. Ukisoma uzi wa pili wa DNA kwa mwelekeo wake, nao unasomeka CG, kwa hiyo metili inaweza kukaa pande zote mbili. Seli ikinakili DNA ili igawanyike, kila nakala hupata uzi mmoja wa zamani wenye metili na mmoja mpya usio nayo. Protini iitwayo UHRF1 huitambua hali hiyo ya upande mmoja na kukiita kimeng'enya DNMT1, nacho hubandika metili kwenye uzi mpya, mkabala na ile ya zamani. Hapa ndipo swali lako la "inajuaje" linapopata jibu lake la kwanza: DNMT1 hakihitaji kujua jeni yoyote, kinanakili kilichokuwepo. Arthur Riggs kwa upande wake, na Robin Holliday na John Pugh kwa upande wao, walilibashiri hili mwaka 1975, miaka mingi kabla jeni ya kimeng'enya hicho haijapatikana.

Na ile metili ya mara ya kwanza, mahali ambapo haikuwepo? Hiyo ni kazi ya DNMT3A na DNMT3B. Navyo havisomi jeni. Vinapapasa mkia wa histoni H3. Lisini ya 4 ikiwa haina metili, vinatulia na kufanya kazi. Ikiwa nayo, vinashindwa kushika. Kumbuka kwamba promota inayofanya kazi ndiyo yenye metili kwenye lisini hiyo. Maana yake, mara nyingi ni shughuli ya jeni inayoamua metili ya DNA isikae pale, na kinyume chake ni nadra kuliko vitabu vinavyodokeza. Upo na mwingiliano wa kushangaza zaidi: polimerasi ikipita ndani ya jeni huacha nyuma yake metili kwenye lisini ya 36 ya H3, na alama hiyo humvuta DNMT3B. Matokeo yake, jeni zinazosomwa sana huwa na metili nyingi ya DNA katikati yake. Metili hiyohiyo moja, kwenye promota inaendana na ukimya, kwenye tumbo la jeni inaendana na kelele.

Inapokaa kwenye promota, metili huzima kwa njia mbili. Kwanza, baadhi ya protini zinazosoma DNA haziwezi kushika CG yenye metili. Mwaka 2017 kundi la Jussi Taipale lilizipima zaidi ya 500 za binadamu: baadhi zilizuiwa na metili, lakini nyingine nyingi zilishika vizuri zaidi ikiwepo. Pili, zipo protini kama MeCP2 zinazoitafuta metili na kuja na vimeng'enya vya kuondoa asetili. Jeni ya MeCP2 ikiharibika, mtoto, aghalabu wa kike, hupata ugonjwa wa Rett, unaodhoofisha ubongo, na hapo unaona kwamba usomaji wa alama hizi si mapambo.

Swali la nini kilitangulia, metili au ukimya, limepimwa moja kwa moja kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, na kama Mary Lyon alivyopendekeza mwaka 1961, moja huzimwa mapema ndani ya kila seli. Mwaka 1987 watafiti waliifuatilia jeni ya Hprt kwenye X ya panya inayozimwa, wakakuta metili ya DNA inafika baada ya kromosomu kuwa imekwisha nyamaza. Ilikuja kuufanya ukimya usitenguke. Nzi wa matunda, mnyoo C. elegans na hamira ya mikate wao hawana metili hiyo kabisa au wanayo kidogo mno, na bado nzi anajenga jicho na bawa mahali panapostahili. Usiruke sasa upande wa pili ukasema metili haina maana kwetu: panya asiye na DNMT1 hufa akiwa kiinitete, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1992. Karibu nusu ya jenomu yetu ni mabaki ya vipande vya DNA vyenye tabia ya kujinakili na kuhama, na kuvinyamazisha hivyo huenda ndiyo kazi kubwa ya metili kuliko kuzisimamia jeni.

Historia ya matibabu ya himoglobini inaonyesha jinsi ilivyo rahisi kudanganyika hapa. Watu wenye selimundu au thalasemia ya beta wana kasoro kwenye jeni ya beta, huku jeni zao za gama, za kijusi, zikiwa nzima lakini kimya, zikiwa na metili kwenye promota. Mwaka 1982 watafiti walitumia azasitidini, dawa inayoondoa metili, kwa nyani na kisha kwa mgonjwa wa thalasemia. Metili ilipungua na himoglobini ya kijusi ikapanda. Nadharia ikaonekana imethibitika. Muda si mrefu ikaonekana kwamba hidroksiyurea, dawa ambayo haigusi metili, nayo inaipandisha himoglobini hiyohiyo, na mabishano yakaanza upya: je, azasitidini ilifanya kazi kwa kuondoa metili, au kwa kuzisumbua seli zinazogawanyika? Hidroksiyurea ndiyo iliyokuja kuwa dawa ya kawaida ya selimundu.

Jibu la kina lilitoka upande wa wasomaji wa DNA. Protini BCL11A hushika mfuatano maalumu wa herufi kwenye promota ya gama na kuleta kundi la protini zinazoondoa asetili na kusogeza nukleosomu. Hiyo ndiyo inayozima gama. Lakini huwezi kuiharibu BCL11A katika mwili wote, kwa sababu ubongo na chembe nyeupe za damu zinaihitaji. Kwa bahati nzuri jeni ya BCL11A ina enhansa inayofanya kazi katika seli changa za chembe nyekundu tu, yenye mahali pa kushikwa na GATA1. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, hukata hapo. Seli shina za damu ya mgonjwa hutolewa, enhansa hiyo hukatwa kwa CRISPR, mkasi wa kimolekuli, kisha seli hurudishwa baada ya uboho wake kusafishwa kwa dawa kali. BCL11A hupungua kwenye chembe nyekundu peke yake, na gama huamka. Hakuna metili iliyoguswa kwa makusudi, wala jeni yenyewe ya himoglobini haikuguswa. Kilichobadilishwa ni herufi chache za mahali pa kusomea.

Kuhusu bibi yako. Kwamba lishe inaweza kuacha alama kwa mtoto aliye tumboni, ndiyo. Mwaka 2003 Robert Waterland na Randy Jirtle waliwapa panya wajawazito asidi ya foliki, vitamini B12, kolini na betaini, na watoto wengi zaidi wakazaliwa na manyoya ya kahawia badala ya njano, kwa sababu kipande cha DNA kinachohama, kilichokaa karibu na jeni ya rangi, kilipata metili zaidi. Kwa binadamu, njaa iliyoikumba Uholanzi majira ya baridi ya 1944 na 1945 imechunguzwa sana. Watu ambao mimba zao zilitungwa wakati ule wa njaa walikutwa, miaka 60 hivi baadaye, na metili pungufu kidogo kwenye jeni ya IGF2 kuliko ndugu zao ambao hawakupitia njaa hiyo. Zingatia neno kidogo: tofauti ya wastani ilikuwa kama asilimia 5.

Kufika kwako ni jambo jingine. Kama ni bibi mzaa mama, mayai ya mama yako yaliumbwa akiwa bado tumboni mwa bibi. Bibi alipokula au kukosa akiwa na mimba hiyo, walikuwepo watatu kwa mpigo: yeye, mama yako, na yai lililokuja kuwa wewe. Athari ikionekana kwako, inaweza kuwa imekupata moja kwa moja, si kwa kurithiwa. Ili kudai urithi wa kweli wa alama, inabidi ionekane kwa watoto wako. Na njiani kuna vizuizi viwili: metili nyingi hufutwa kwenye seli zinazoelekea kuwa mayai na mbegu za kiume, kisha tena siku chache baada ya kurutubishwa. Zipo sehemu zinazoponyoka ufutaji wa pili, ndizo zinazofanya jeni chache zikumbuke kama zilitoka kwa baba au kwa mama, lakini hizo nazo huandikwa upya kila kizazi. Mimea hairithishi kwa masharti haya, na kwa mimea urithi wa alama ni jambo linalojulikana vizuri. Kwa binadamu ningekuwa mwangalifu sana kabla ya kumlaumu bibi.

Nakuongezea moja ambalo hukuliuliza lakini utalikuta ukitafuta habari hizi: vipimo vya "umri wa kibaiolojia" na vidonge vya "kurekebisha metili". Kipimo kina msingi. Mwaka 2013 Steve Horvath alionyesha kwamba metili kwenye CG 353 zinatosha kukadiria umri wa mtu kwa kosa la miaka michache. Hilo linakuambia kwamba CG hizo hubadilika pamoja na umri. Kama zinauleta uzee au zinaufuata, kipimo chenyewe hakisemi, sawasawa na ilivyokuwa kwa Hprt na kwa azasitidini. Vidonge havina hata msingi huo. Dawa tulizo nazo zinazoondoa metili ya DNA kweli, azasitidini na desitabini, hutolewa chini ya uangalizi wa daktari kwa wagonjwa wa saratani za damu na magonjwa ya uboho, huku chembe zao za damu zikihesabiwa mara kwa mara, kwa sababu huondoa metili popote DNA inaponakiliwa na hazina namna ya kuchagua jeni.